Mkoba wa Jumamosi

Maji sikwambii, Jumwa. Maji hata mbuzi anayajua.
Kofia, simu yenye chaji, namba ya zahanati ya Mambrui,
hayo umeyaandika kwa hati nzuri kuliko yangu.
Mimi nakupa ya ziada,
yale ya mfuko wa pembeni wenye zipu mbovu.

Ukanda wa tyubu ya baiskeli.
Nimefunga nao champali ya Swabra
iliyokatika hata mivinje hatujaifikia;
nimefunga nao fimbo, chupa, mkono ulioteguka.
Mengine usiniulize.

Sindano, na uzi mweusi uliozungushwa kijitini.
Suruali ya mwalimu Kaingu ilipasuka akiruka mfereji,
darasa la sita zima likimtazama.
Aliupa mto Sabaki kisogo robo saa,
akawasomesha majina ya ndege asiowaona,
nami nyuma yake nimepiga magoti, nashona,
na heroe wote wakinitazama mimi.

Kibano cha nyusi. Hiki ni cha harusi yangu.
Kimeng'oa miiba mingi kuliko nyusi.

Pipi za tangawizi, na sukari kidogo kwenye kikaratasi,
kwa ajili ya Bwana Lalo.
Atakwambia ameshiba, yu mzima, tuendelee.
Usisikilize mdomo wake, tazama jasho.
Na kila mwezi badilisha: akiba haiozi, wanasema,
lakini pipi huyeyuka.

Leso moja kuukuu, iliyokunjwa.
Ndani yake pedi mbili. Usitangaze.
Kuna siku Nyevu alibaki nyuma ya watu wote,
sweta kiunoni, jua la saa sita.
Nilimpa leso kwanza,
kisha kilichokuwa ndani ya leso.
Hatukusema neno.
Alirudi mbele ya msafara akitembea kama mwenye njia,
na ndiye aliyewaona viboko kabla yetu sote.

Filimbi. Mara tatu maana yake simameni.
Karibu na viota usiipige, piga makofi ya kimyakimya,
utajifunza.

Sasa hii, usicheke: penseli.
Si kalamu. Kalamu hufa ikilowa.

Zamani nilikuwa nahesabu.
Ishirini na wawili tukitoka darajani,
ishirini na wawili tukirudi darajani,
nikashukuru, nikafungua chupa ya chai.
Kumbe mmoja wetu hakuwa wetu:
kijana muuza madafu aliyetufuata kutoka ufukweni
kwa kupenda mazungumzo.
Na mmoja wetu hakuwepo.

Tulimkuta Fondo juu ya tuta la mchanga,
ameketi, magoti kifuani, viatu amevipanga kando
kama mtu aliyefika kwake.
Hakuwa analia. Miaka tisa.
Aliniuliza swali moja tu:
"Mlijua saa ngapi kwamba sipo?"

Sasa ni fundi wa friji pale Maweni.
Tukikutana hunisalimu vizuri.
Sijamjibu mpaka leo.

Kwa hiyo penseli, Jumwa, na daftari la kurasa ngumu.
Andika majina kabla ya hatua ya kwanza,
na mkirudi usihesabu vichwa.
Ita.

Mkoba utakuona mzito hadi kwenye mikadi,
baadaye bega litauzoea.
Usiujaze. Acha nafasi ya ngumi mbili,
kwa sababu kuna mtu atachoka na koti lake,
na mwingine ataokota kombe asiloweza kuliacha.

Zipu ishike hivi, kwa kidole gumba,
vuta upande, si mbele.
Goti langu limeshakataa tope, lakini njia ya juu naiweza.
Nitakuwa wa mwisho kabisa, na fimbo, mikono mitupu,
sijui nitaiweka wapi.
Niandike na mimi.
Na jioni pale darajani
usiridhike kwamba umeona kivuli changu:
ita mpaka niitike.